Dada Bega na Neno Chanjo

Dada yetu, ambaye wengi hapa tulimwita Dada Bega, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kifungua mimba wa fundi seremala na mkewe, katika chumba kilichopakana na karakana. Mimi ni mdogo wake wa kufuatana. Nikilia nivumilieni, ingawa yeye angenikaripia.

Alipokuwa darasa la pili alichanjwa ndui. Alipiga mayowe mpaka mwalimu akafunga madirisha! Kovu likabaki begani, duara kama kifungo. Alisoma kwa bidii, akahitimu uuguzi mwaka 1974, akapangiwa chanjo za watoto.

Mwaka 1983 surua iliingia mtaani, tukazika watoto. Mshonaji nguo, mwenye binti wa pekee, alikomea mlango dada alipobisha hodi, akachungulia dirishani. "Nasikia mnachanja! Mwanangu si kuni, ati!" Dada aliketi kizingitini, akavuta mkono wa gauni lake la kubana mpaka mshono ukaachia.

"Tazama kovu hili, shoga. Zamani walikwaruza ngozi kwa kisu kidogo, wakapaka dawa ya ndui. Ndiko kuchanja huko, na chanjo ikapata jina. Kisu kimeshastaafu, jina bado liko kazini. Siku hizi ni sindano tu."

"Iliuma?"

"Weee! Iliuma. Lakini ndui sikuiona."

Komeo likafunguliwa. Binti akadungwa, akalia, akanyamaza. Surua ikauruka mlango ule. Tangu hapo mshonaji ndiye aliyemshonea dada magauni yote ya kazi, mkono wa kushoto ukiwa na kifungo, ili bega lifunuliwe upesi kwa kila mzazi mwenye hofu. Alifunua bega hilo mpaka alipostaafu.

Aliolewa mwaka 1977 na fundi baiskeli, shemeji yangu huyu, wakapendana na kutaniana hadi mwisho.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Hata wodini hakuacha ukorofi wake: "Mwanangu, sindano hiyo umeishikaje?" Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, akiwa ameshikwa mkono na mumewe.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, mimi, na mtaa mzima wa watu wazima ambao aliwaliza wakiwa wachanga, nao wakakua.

Jana mshonaji alileta gauni la kumzikia. Macho yake hayaoni vizuri tena, kwa hiyo binti yake ndiye aliyemtungia uzi. Mkono wa kushoto una kifungo.

Zamu imekwisha, dada. Upumzike kwa amani.