Daraja la Mshonaji

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, anayewasomea maelezo haya ni mdogo wake marehemu, na kabla sijaanza familia inaomba mtuvumilie, kwa kuwa karatasi hii ina jambo ambalo kwa kawaida watu hulizika pamoja na mwenyewe, lakini ndugu yetu aliagiza lisomwe mbele ya watu, tena akaagiza lisipunguzwe hata mstari mmoja.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa baba seremala na mama mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba, na mama alizoea kusema kwamba mtoto huyu alichelewa kutambaa kwa sababu kila akiwekwa chini aliokota kipande cha mbao, akakaa nacho akikigeuzageuza mpaka akalala. Alianza shule ya msingi Januari 1964 na kumaliza mwaka 1970, akaendelea na sekondari kuanzia 1971 hadi 1974, ambako, tusipige chuku kwa kuwa yuko kwenye jeneza, hakuwa wa kwanza wala wa kumi, ila mwalimu wake wa uchoraji alimwandikia kwenye ripoti kwamba mikono yake ina akili kuliko kichwa chake, maneno yaliyomuudhi sana baba na ambayo marehemu aliyatunza mpaka mwisho ndani ya bahasha ya vyeti vyake.

Mwaka 1976 alijiunga na chuo cha afya kusomea ufundi wa meno, yaani kutengeneza meno ya bandia, kofia za kuvika jino lililoharibika, na madaraja, ambayo ni meno ya bandia yanayoziba pengo kwa kushikwa na meno mawili ya jirani kama nguzo, akahitimu Novemba 1979, na tarehe 4 Februari 1980 akaajiriwa katika maabara ya meno ya hospitali. Mwaka 1988 alihamia kliniki ya binafsi, akapewa chumba cha nyuma chenye dirisha moja, meza, taa ya kuinamisha na tanuri dogo la kuchomea kauri, na humo alikaa miaka ishirini na tisa, akivuta vumbi la plasta na la chuma bila kuziba pua, kwa madai kwamba kitambaa usoni kinamnyima pumzi, wakati kumbe vumbi lenyewe ndilo lililokuwa likimnyima pumzi kidogo kidogo.

Wengi wenu mlimjua kwa jina la Twende Nje, na kwa ambao hawajui lilikotoka, ni kwamba hakukubali kuchagua rangi ya jino chini ya taa, bali alimshika mgonjwa mkono na kumtoa mpaka kwenye njia ya watu, akamwambia apanue mdomo juani, akamwekea vipande vya rangi kimoja baada ya kingine huku wapita njia wakisimama kushangaa. Ndugu waliomjia wakitaka meno meupe kama sahani aliwakatalia katakata, akawaeleza kwamba jino zuri ni lile ambalo hakuna atakayeuliza umelitengeneza wapi, kwamba kabla hujatoka kliniki ung'ate pande zote mbili, upitishe uzi kuzunguka jino, na uzi ukikwama au ukichanika urudi ndani ukadai, kwa sababu kofia isiyokaa sawasawa ukingoni, pale inapokutana na jino lako, inaficha uozo usiouona mpaka siku unapochelewa. Hata kwenye harusi za watu alikuwa akitazama midomo badala ya maharusi, na shemeji alilazimika kumkanyaga mguu.

Shemeji huyo, muuguzi wa wodi ya watoto, alifunga naye ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 5 Desemba 1981, na yeye mwenyewe anatuambia kwamba maneno ya kwanza ya uchumba hayakuwa ya mapenzi, bali marehemu aliutazama mwanya wake wa mbele akamwomba asikubali fundi yeyote auguse. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza wa kiume, dereva wa malori, aliyezaliwa 1983, wa pili binti, aliyezaliwa 1986 na kurithi kazi ya baba yake na kiti chake, na wa tatu binti, mwalimu, aliyezaliwa 1990, na ameacha wajukuu sita.

Sasa tunafika pale alipoagiza. Siku ya Ijumaa, tarehe 11 Agosti 1995, marehemu alikuwa akimalizia daraja la meno matatu la mama mmoja mshonaji, mwenye cherehani kwenye kibaraza cha barabara inayokwenda stendi, na alipoliangalia kwa lenzi aliona kwamba ukingo wa kofia inayovikwa nguzo ya nyuma haukufunga, umeacha nafasi nyembamba kama unywele, na dawa ya kazi ya namna hiyo ni moja tu, kuvunja na kuanza upya. Daktari alikuwa anasafiri jioni ile, mgonjwa alikwishakaa kwenye kiti na ganzi imeanza kumshika, na marehemu, ambaye hakuwahi kufumbia macho kosa la mtu mwingine, alijiambia kwamba gundi itajaza, akalikabidhi.

Mwaka 2003, mwezi wa Mei, mshonaji alirudi na maumivu, jino la nguzo likakutwa limeoza lote ndani ya kofia yake na likang'olewa, na daktari akamweleza kwamba kosa ni lake mwenyewe, kwa tabia ya washonaji ya kukata uzi kwa meno. Marehemu alikuwa amesimama mlangoni, daraja lake la zamani liko kiganjani mwake, ameona palipooza na anajua kwa nini, na hakusema neno. Mama yule aliomba radhi, akarudi kwenye cherehani yake, akajifunga mkasi mdogo shingoni, na tangu siku hiyo akawa anatafunia upande mmoja.

Kwa miaka mingi tulimtania marehemu kwa sababu alikuwa akikwepa barabara ya stendi, akizunguka njia ndefu hata mvua ikinyesha, wengine tukadhani ana deni huko, na shemeji, tusimfiche, alidhani kuna mwanamke, akamfuata siku moja kwa miguu mpaka viatu vikamkatikia, asione kitu ila mume anayetembea peke yake. Kumbe roho ilikuwa inamsuta, na aibu ikamzidi nguvu.

Ugonjwa wa mapafu ulimshika rasmi Oktoba 2023, akalazwa mara tatu, na Juni mwaka huu, alipoona hapandi tena ngazi, alimwita mkewe na binti aliyerithi kazi yake akawaeleza yote, kisha akaomba mshonaji aitwe. Mama yule alikuja, akaketi ukingoni mwa kitanda, akasikiliza bila kumkatiza, na alipomaliza akamwambia, "Miaka ishirini na moja najilaumu, fundi, na wewe unaniangalia." Akainuka akaenda kukaa jikoni na shemeji muda mrefu, kila mmoja akimlilia mwenzake, kisha akarudi akauliza kama pengo lile bado linazibika.

Linazibika, na marehemu akashikilia kwamba atalitengeneza kwa mikono yake. Daktari mwingine akaandaa meno na kuchukua vipimo, meza ya kazi ikahamishiwa chumbani kwake karibu na dirisha, na kwa majuma sita akachonga nta, ambayo ndiyo umbo la kwanza la daraja, dakika kumi, akapumzika saa nzima, huku binti akimchomea kauri kliniki na kumrudishia, na siku ya Jumatano, tarehe 11 Septemba, akasema limekwisha, na sura yake ilikuwa ya furaha kama ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Kesho yake binti aliliweka chini ya lenzi, na ukingo wa nyuma ulikuwa wazi. Alikaa jikoni na kikasha kile mapajani asijue la kufanya, mama yake akamsihi amwache baba aondoke na furaha yake, lingine litengenezwe baadaye bila yeye kujua, na hakuna hapa anayeweza kumlaumu mke kwa kusema hivyo. Binti alikubali, akafika mpaka mlangoni kwa baba yake kwenda kumpongeza, na pale alipokuwa amesimama akakumbuka alivyosimuliwa juu ya mtu aliyesimama mlangoni na kunyamaza. Akaingia akasema, "Baba, nyuma haujafunga."

Marehemu aliomba lenzi, macho yakakataa, akaomba sindano ya kupimia, akaipitisha polepole ukingoni mpaka ikakwama. Machozi yakamtoka, kisha akamwambia, "Vunja. Hapa hapa, nione." Binti alivunja huku analia, baba naye akimshikia kikasha, na hayo ndiyo mazungumzo yao ya mwisho kuhusu kazi. Marehemu alifariki siku ya Jumanne, tarehe 17 Septemba 2024, saa nne asubuhi, mkewe na watoto wote watatu wakiwa chumbani.

Kuna waliouliza, kwa nia njema, kwa nini kazi ile isiharakishwe ili mama mshonaji afike leo akiwa na meno yake na ndugu yetu azikwe hana kiporo, na juzi kikao cha familia kilimwomba binti afanye hivyo. Alikataa, na mama mshonaji, ambaye yuko nasi hapa mstari wa tatu, akasimama upande wake akasema, "Mimi sitaki daraja la msiba. Nataka langu."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana, majirani waliotuletea maji, viti na mabega ya kulilia, wafanyakazi wenzake wa kliniki waliofunga milango leo, na mama mshonaji, ambaye tunamwomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima, tukijua kwamba radhi ni yake kutoa au kutokutoa, na kwamba bado hajasema.

Fundi, kaka, daraja halijaisha. Binti yako ameanza nta upya jana asubuhi, hana haraka, na hatatoa kitu mpaka kifunge. Pumzika kwa amani.