Mzee Ndambuki na Uboho wa Mwenye Bucha

Hamjambo wenzangu wa wodini, maabara na jikoni? Natumaini jarida hili linawakuta wazima, na mwenye mafua Mola amwondolee.

Tarehe 30 Juni 1998, Bwana Tobias Ndambuki anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara ya hospitali yetu hapa Thika. Alianza kwa kuosha chupa. Anatoka akiwa mkuu wa darubini, miwani ikiwa bado imefungwa kwa uzi. Kila asubuhi alitoka Gatongora, akafika kabla mlinzi hajamaliza chai.

Wengi tutamkumbuka kwa ile habari ya Waweru, mwenye bucha kule Kiandutu. Mwaka wa 1993 damu ya Waweru ilipungua hadi akashindwa kuinua shoka. Daktari alitaka kumchota tone la uboho kwenye nyonga ajue shida iko wapi. Waweru akakataa katakata. Kule bucha, alisema, mfupa ukishatolewa uboho hutupiwa mbwa.

Ndambuki akamfuata na shina la sukuma wiki mkononi. Akamweleza kwamba ndani ya uboho mna seli mama, ambazo kazi yao ni kuzaa damu. Ukichota kidogo zinazaa tena, kama sukuma unayochuma leo na wiki ijayo imechipuka. Waweru akamjibu kwamba sukuma haina nyonga.

Basi mzee wetu akarudi, akapanda kitandani, akamwambia daktari aanze na yeye! Siku tatu alitembea upande kama mkokoteni uliopinda gurudumu. Siku ya nne akaingia bucha, akasimama wima mbele ya wateja, akamwuliza Waweru kama anaona mbwa yeyote akimfuata. Watu walicheka hadi Waweru akavua aproni akaja mwenyewe.

Uboho wake ulionyesha seli mama zipo, ila zimekosa vitamini. Akadungwa sindano miezi kadhaa, na kwa neema ya Mungu shoka likainuka.

Daktari anasema ng'ambo mgonjwa hupandikizwa seli mama za ndugu yake zikamzalia damu mpya, na huenda kesho zikatibu mengi zaidi. Ndambuki ameomba siku hiyo ikifika Thika aitwe, hata akiwa na mkongojo.

Mbuzi wa sherehe ametoka kwa Waweru. Mfupa wenye uboho Waweru ameuandika jina la Ndambuki.

Asante, mzee wetu. Mungu akupe siku nyingi, chai moto na magoti yasiyolalamika. Lakini wodini yupo mama mmoja wa Theta anayeikataa sindano ile ile ya kuchota uboho. Njoo Alhamisi na sukuma yako tu. Nyonga yako imeshastaafu. Tafadhali tujibu upesi.

Magdalene Ngendo, Rekodi