Suruali Ambayo Mama Shiru Alikataa Kuishona

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Chifu wetu, Mchungaji uliyetufungulia ukumbi huu, Mwenyekiti wa wakaazi wa mtaa wa Tena, mkwe wangu mpendwa Mama Maingi, na ninyi nyote wageni waalikwa, ambao nusu ya nguo mlizovaa leo zimepita mikononi mwa mwenye sherehe: hamjambo?

Mimi ni Laban Luseno, baba yake Mitchelle, mstaafu wa kiwanda cha mablanketi. Nimepewa nafasi hii nimuage fundi wetu Njoki, Mama Shiru, ambaye baada ya miaka thelathini na mmoja ya kushona anafunga kibanda chake, na wiki ijayo anapanda ndege kwenda kwa binti yake Australia. Wengine wamemsifu kwa sare za shule na magauni ya harusi. Mimi namsifu kwa suruali aliyokataa kuishona.

Mwaka jana binti yangu Mitchelle, aliyeolewa na Maingi, alijifungua huko Kanada. Tukaalikwa wazee wawili, mimi na mama yake Maingi, kumwona mjukuu. Kwenda tulikaa mbalimbali, hakukuwa na neno. Kurudi, ndugu zangu, tuliwekwa pamoja: mimi dirishani, mkwe wangu kando ya njia. Saa kumi na tatu!

Nawauliza, ni mila gani inayomruhusu mzee wa Kiluhya kuruka magoti ya mkwe wake? Nilimtazama: amefumba macho, amejifunika blanketi hadi kidevuni. Nimwamshe nimwambie nini? Kwamba baba yake Mitchelle anataka kwenda chooni? Nikaamua kutokwenda. Na ili nisihitaji kwenda, nikaamua kutokunywa. Mhudumu alipopita na maji nilikataa, alipopita na chai nilikataa, mara ya tano akaniuliza kama nimefunga. Nikasema ndiyo. Nikakunja miguu, nikakaa wima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, hadi tuliposhuka.

Siku ya nne nyumbani, mguu wa kulia ukaanza kuuma. Mke wangu Ayuma akasema ni baridi ya Kanada. Jirani yangu Job, yule pale anayeinamisha kichwa, akasema, "Mzee, hiyo ni misuli tu. Kesho saa nne nakuja na mafuta ya moto, nakukanda dakika mbili, iko sawa."

Kesho yake, kabla ya saa nne, nikapitia kwa fundi. Nilikuwa nimemwona mkwe wangu Maingi na suruali za kubana, nami nikatamani. Sasa, suruali ya kubana lazima fundi apime hadi shavu la mguu. Mama Shiru akapima wa kushoto: inchi kumi na nne. Akapima wa kulia: kumi na sita na nusu. Akaikunja tepu, akaikunjua, akapima tena. Akaishuku tepu, akapima mkono wake mwenyewe. Kisha akavua miwani.

"Mzee Luseno, miguu hii ni ya watu wawili."

"Basi shona kila mguu kivyake."

"Mimi sishoni suruali ya watu wawili. Na huu mmoja una moto. Umetoka wapi?"

"Kanada."

"Ulitembea kwenye ndege?"

Nikatikisa kichwa. Alifunga kibanda, mteja mwingine akiwa ndani anajaribu sketi, akasimamisha teksi. Yule mama, kwa taarifa yenu, alitoka kwa dirisha na hajalalamika hadi leo.

Hospitalini daktari, Sagal jina lake, alisoma vipimo vyangu kutoka daftari la fundi, kiuno na mapaja yakiwemo, akaagiza picha ya mguu upesi. Ilionyesha damu imeganda ndani ya mshipa. Akaniambia kwamba kukaa muda mrefu bila kusogea hufanya damu itulie miguuni, na ukishakuwa na umri wangu hatari huongezeka. Bonge lile likikatika husafiri.

"Lisafiri wapi tena?" nikauliza.

"Mapafuni, mzee. Na linaweza kuua papo hapo."

Nikamwambia kwa nini sikusogea kitini, na kuhusu Job na mafuta yake. Daktari akaweka kalamu chini. "Huo mguu usiguswe," akasema. "Kuukanda kungeweza kulisukuma." Ndipo nilipoogopa. Nilimtazama Ayuma, mke wangu kwa miaka arobaini na sita, aliyekuwa amefika mbio, naye akaniuliza kwa sauti ndogo, "Yaani ungeniacha kwa sababu ya kuona haya?"

Kesho yake Mama Maingi akaja wodini kuniona. Alisimama mlangoni ameangalia ukuta, kwa heshima.

"Baba Mitchelle, nimekuja kuungama. Sikuwa nimelala."

"Saa kumi na tatu?"

"Nilifumba macho ili usidhani nakutazama. Na chooni sikwenda, maana ungejua nimekwenda."

Daktari Sagal alikuwa anapita. Aliposikia hivyo akaamuru naye apimwe miguu yote miwili. Ilikuwa mizima, shukrani kwa Mungu. Shingo ndiyo iliyokataa kugeuka.

Nilimeza dawa za kuzuia damu kuganda kwa miezi mitatu, nikapona.

Sasa, Mama Shiru, una miaka sitini na minane, na juzi juzi ulipasuliwa goti. Muone daktari kabla ya safari. Yeye ndiye atakayesema kama unahitaji soksi maalumu za kubana au dawa, si mimi, na hasa si Job. Kunywa maji. Kila saa moja au mbili simama, utembee. Ukiwa umekaa, inua visigino, kisha vidole. Na ukifika, hata wiki kadhaa zikipita, mguu mmoja ukivimba, ukiuma au ukipata moto, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Pumzi ikikatika au kifua kikichoma, usingoje hata dakika.

Lakini najua unatoka katika watu wenye haya kama sisi. Kwa hiyo naomba uape mbele ya Chifu. Ukikuta jirani amelala, amekuzibia njia, utamwambia nini?

Mmemsikia? Kwa wale wa nyuma, fundi amesema: "Samahani, napita."

Maneno mawili, ndugu zangu! Nina miaka sabini na mmoja, nimesema maneno mengi duniani, na hayo mawili yalinishinda.

Nenda salama, Mama Shiru, Mungu akutangulie. Nanyi nawashukuru kwa masikio yenu na subira yenu. Tumekaa hapa tangu saa sita. Wazee wote, tafadhali, inukeni.