Swali la Nyongeza

Haya nimeyapata kwa mkaza mwanangu, mkunga wa zahanati, jana alipotoka zamu.

Kwenye basi alikaa na fundi cherehani asiyemjua, aliyepakata suti mpya ya mbunge wao. Fundi akamsifu mteja wake weee: msiba haukosi, na timu ameinunulia jezi.

“Jezi hata mwenye duka angenunua, kaka,” mkunga akamwambia. “Sisi tulimtuma bungeni akaulize. Akauliza kweli wodi yetu ya wazazi imefikia wapi. Waziri akajibu imekamilika, fedha yote imetumika. Hapo mbunge alikuwa na haki ya swali la nyongeza. Yeye akashukuru kwa majibu mazuri, akaketi.”

“Adabu hiyo, dada. Ukimbana waziri, mwakani mnanyimwa.”

“Kwani anatoa mfukoni mwake? Wodi haina paa. Mvua ikinyesha nazalisha, mwenzangu kanishikia mwavuli.”

Fundi akamgeukia. “Mke wangu anajifungua mwezi ujao, hapo hapo kwenu.”

“Basi aje na mwavuli wake.”

Fundi hakucheka. Alitoa daftari lake la vipimo, akamwomba aliandike hilo swali, yeye atalitia mfuko wa ndani wa koti la mbunge. Mkunga akaandika: Mheshimiwa Waziri, paa liko wapi? Basi likasimama, fundi akashuka na suti yake.

“Sasa atalitia kweli,” nikamwuliza, “au ataogopa kumpoteza mteja?”

Mkwe wangu alikuwa amelala palepale kitini.