Tuone Kwanza na Ndoano ya Tani Ishirini na Nne

Wasifu huu unasomwa na mdogo wake wa kike. Ule uliochapwa na kampuni kwenye karatasi ya kung'aa tumeurudisha ulikotoka, kwa sababu aya yake ya tatu ilisema marehemu alizidisha mzigo.

Marehemu, ambaye nyote mlimwita Tuone Kwanza, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili kati ya wanne, katika chumba cha nyuma ya kinu cha kusaga alichokiendesha baba yetu. Kushuku alianza mapema. Kila asubuhi alikung'uta viatu vyake mara tatu kabla ya kuvivaa, na vyetu pia, tukachelewa shule wote. Nge hakutoka hata mmoja, lakini hakuacha.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1985, kisha akasomea uchomeleaji miaka miwili na kufaulu vizuri. Mwaka 1990 aliingia barabarani kama utingo, akapata leseni ya malori makubwa mwaka 1996, na tangu 2013 aliendesha lori la kuvuta trela katika kampuni yake ya mwisho. Kila alipounganisha trela alisoma uzito ulioandikwa kwenye bamba la ndoano inayoshikanisha lori na trela, akauandika kwa chaki ubavuni mwa trela, akaulinganisha na karatasi ya mzigo. Alifunga pini na minyororo ya akiba, halafu akavuta kidogo huku breki za trela zimeshika, aone kama litaachia. Wenzake walichoka kumngoja.

"Lori lako linavuta tani arobaini, una wasiwasi gani?" walimwuliza.

"Lori linavuta, sawa. Ndoano je?"

Alifunga ndoa tarehe 8 Agosti 1998. Asubuhi hiyo aliingia chini ya basi lililomleta bibi harusi akague breki, akatoka na grisi kifuani. Picha iko ukurasa wa pili wa ratiba mliyopewa, na wifi yangu hajamsamehe lile shati mpaka leo. Walijaliwa watoto watatu.

Aprili mwaka huu alikwenda likizo wiki tatu. Aliporudi alikuta lori limefungwa ndoano nyingine, akaambiwa ni mpya, rangi bado inanata. Jioni alimwuliza mkewe, "Kitu kipya kinapakwa rangi kwa nini?" Kesho yake alimwuliza hivyo hivyo mkuu wa karakana, akajibiwa, "Mzee, umezidi wasiwasi. Soma namba uondoke." Bamba lilisema tani ishirini na nne. Mzigo ulikuwa tani kumi na tisa za saruji. Akasoma, akaandika kwa chaki, akaondoka.

Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, ndoano ilikatika mlimani. Minyororo ya akiba ilizuia trela lisiwarudie waliokuwa nyuma, ndiyo maana hakuna mwingine aliyeumia, lakini trela lilipinduka na kuikunja kabini upande wa dereva. Alilazwa siku tisa. Siku ya tatu alinishika mkono akasema, "Mdogo wangu, niliamini bamba." Alikuwa anaona aibu. Hilo linaniuma kuliko yote, kwamba alikata roho tarehe 15 Mei akijilaumu mwenyewe.

Jumamosi, akiwa bado hai, mimi na binti yake wa kwanza tulikwenda karakana. Ndoano iliyovunjika ilikuwa ndani ya pipa la vyuma chakavu. Bamba halikuwepo, palibaki matundu mawili ya misumari ya ribiti yanayong'aa. Binti alikwangua rangi kwa ufunguo, akakuta namba iliyochongwa kwenye chuma chenyewe: 12. Ubavuni mwa trela chaki ya baba yake ilikuwa bado inasomeka: Ndoano 24. Alipiga picha zote mbili. Jumatatu tuliporudi pipa halikuwepo, na trela lilikuwa limeoshwa. Trela lililokunjamana, lisilokwenda popote tena, linaoshwa kwa nini?

Marehemu ameacha mama, mjane, watoto watatu, mjukuu mmoja na sisi ndugu zake watatu. Mjane ameletewa karatasi ya kukiri kosa la mumewe. Hajaitia saini, wala hataitia.

Bamba halikujipigilia lenyewe. Kuna mtu alishika nyundo, na sare za kampuni nimeziona safu ya nne. Ndugu yetu, hatukuombi usimame mbele za watu. Mama wa marehemu amekaa kiti cha kwanza, ana miaka themanini na moja, na anachosubiri ni kuambiwa kwamba mwanawe hakuzembea. Pita kama unampa pole, umwambie sikioni. Kisha marehemu apumzike kwa amani.