Kuta Zilipanda Nikiwa Ndani

Bwana asifiwe sana! Na wenzangu wa Tumsifu Yesu Kristo, tumsifu! Bibi zangu mliokaa pale mbele, kamwene!

Naitwa Gaudensia. Wengi hapa Makambako mnanifahamu kama yule dada anayechora ramani za nyumba. Kazi yangu ni usanifu wa majengo. Leo nimesimama chini ya bati, kati ya kuta nne, naongea bila kutetemeka. Kwenu hilo ni jambo la kawaida. Kwangu ni ajabu ya Mungu, na naomba mnisikilize mjue kwa nini.

Nilizaliwa kijijini, upande wa Njombe, kwa wakulima wa viazi. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na mianzi, giza ndani hata saa sita mchana. Nikiwa na miaka saba hivi, mama alinipeleka misioni kwenye misa ya Pasaka. Ndugu zangu, sikusikia hata neno moja la mahubiri! Nilikuwa natazama juu. Niliziona kenchi, zile mbao kubwa zinazobeba paa, zimeshikana kule juu na kanisa zima halina nguzo katikati. Mwanga ulikuwa unaingia kwenye madirisha marefu, unawaangukia watu migongoni. Mama alinifinya niiname. Niliinama, lakini jicho moja lilibaki juu. Nilijiuliza, nani alikaa akayawaza haya yote kabla hayajakuwepo?

Tangu siku hiyo sikuacha kujenga. Nilijenga kwa magunzi, kwa fito za mianzi, kwa udongo mwekundu. Niliwajengea kuku nyumba yenye madirisha matatu. Kuku waligoma kuingia, lakini mimi nilifurahi. Baba alipita akaitazama, akaniambia, "Mama, nyumba wanajenga wanaume. Wewe soma uwe nesi, ukatibu watu hospitali ya Lugarawa." Baba yangu hajibiwi. Ila kesho yake nilijenga nyingine.

Mungu ni mwema, nilisoma. Hesabu zilinitoa jasho, kuna mtihani nilirudia nikiwa nalia, lakini nilifika chuo kikuu Dar es Salaam. Siku ya kuondoka, baba alinibebea begi mpaka stendi ya Njombe. Alipandisha begi kwenye basi, akaniwekea mkono kichwani, akageuka akaenda zake.

Nilipohitimu nikaanza kazi hapa Makambako. Kazi yangu kubwa ya kwanza ilitoka parokia moja kule Njombe. Walitaka nyumba ya akina mama wajawazito wa vijiji vya mbali, wakae karibu na zahanati wakisubiri kujifungua. Furaha niliyokuwa nayo! Niliichora na madirisha mapana upande wa jua, kwa sababu baridi ya kule mnaijua.

Kiwanja kilikuwa kwenye mteremko. Upande wa juu ilibidi tuchimbe mtaro unaozidi kimo cha mtu, tuweke ukuta wa kuzuia udongo. Mvua zilikuwa zimeanza. Nikamwambia msimamizi wa mafundi, Fundi Osmund, aweke mbao pande zote mbili, mtaro mzima, udongo usiporomoke. Osmund alikuwa amejenga miaka mingi. Akacheka.

"Dada, udongo wa Njombe nimeujua kabla hujazaliwa. Huu haudondoki."

Nilishikilia neno langu. Akaweka mbao mbili, ili ninyamaze. Na mimi, nakiri mbele zenu, nilinyamaza. Niliogopa kuonekana binti anayejifanya anajua.

Kesho yake asubuhi nilishuka mtaroni kupima. Sikusikia kishindo. Nilisikia kitu kama mtu anavuta pumzi, kisha giza.

Ndugu zangu! Nilifukiwa nikiwa hai! Mikono haisogei, miguu haisogei, kifua kimebanwa. Lakini mbele ya uso wangu palikuwa na nafasi ndogo, kama ya ndoo. Zile mbao mbili zilikuwa zimeniinamia, zikakutana juu ya kichwa changu, udongo ukakaa juu yake. Mbao mbili! Mtaro mrefu vile, mbao mbili tu, na mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo! Hata leo nikifikiri nywele zinanisisimka. Sala ndefu sikuiweza. Nilisema tu, "Yesu, niko hapa. Yesu, niko hapa." Nikarudia mpaka sauti ikaisha.

Kule juu Osmund aliwakataza vibarua kutumia majembe na makoleo, wasije wakanikata. Walichimba kwa mikono. Wanasema yeye alikuwa analia kwa sauti huku anachimba, na kucha zake mbili ziling'oka. Mkono wake ndio ulionigusa kwanza.

"Anapumua!" alipiga kelele. "Jamani, anapumua!"

Nilitoka na mbavu zilizovunjika. Watu wakashangilia, wakasema Mungu amenitoa. Ni kweli, alinitoa. Lakini sehemu yangu moja ilikuwa imebaki kule chini.

Mbavu zilipona. Ila nikivuka mlango wowote, kifua kinabana, jasho linatoka, naona kuta zinanijia. Kanisani nilikaa nje kwenye majani, nasikiliza misa kupitia dirishani. Niliacha kazi, nikarudi kijijini, nikawa nalala barazani na mablanketi matatu. Michoro yangu niliichana. Msanifu wa majengo anayeogopa nyumba! Wengine walisema nimerogwa. Wengine walisema ni vizuri, sasa nitatulia niolewe. Mimi nilimwambia Mungu bila adabu, "Kama hukutaka nikutumikie, kwa nini hukuniacha mle?"

Miezi ikapita. Asubuhi moja tulikuwa tunapalilia viazi. Baba akasimama, akaegemea jembe.

"Mama, nichoree nyumba."

"Baba, mimi siwezi tena."

"Sijasema uingie. Nimesema nichoree."

Baba yangu hajibiwi. Nilichora palepale chini, kwa kijiti. Kesho yake alikuja na vigingi vya mianzi na kamba, tukaipima nyumba ile pembeni mwa shamba. Kamba tupu juu ya ardhi! Baba akasimama mahali pa mlango, akavua kofia. "Karibu ndani," akasema. Nilicheka, na nilikuwa sijacheka tangu ajali. Nikapita. Ndani palikuwa na upepo na anga.

Na fundi aliyeitwa na baba, mnajua alikuwa nani? Osmund! Alisimama mbali, hathubutu kusogea.

"Nimekuja kujenga," alisema. "Nisamehe, msanifu."

Hakuwahi kuniita hivyo. Nilimpa ncha ya kamba ashike upande wa pili, tukaendelea kupima.

Basi kazi ikaanza. Kila asubuhi baba alileta chai, tukainywa tumesimama ndani ya ile nyumba, tunaongea habari za viazi. Kuta zilikuwa kifundoni. Zikaja magotini. Zikaja kiunoni. Zilipofika mabegani, kifua kilianza kubana, chai ikanishinda. Baba aliniona. Alimwambia Osmund asimamishe, na kwa siku nne hawakuongeza hata tofali moja. Tulikunywa chai tu. Siku ya tano nilisema mwenyewe, "Ongezeni."

Siku ya kupaua nilikuwa ndani, nawaelekeza mafundi waliokuwa juu. Walipomaliza kupigilia bati la mwisho, mvua ikashuka, mvua ya Njombe ile isiyobisha hodi. Mafundi wote wakaruka chini wakakimbilia ndani. Bati likapiga kelele, hatusikiani. Nikaona Osmund ananitazama. Akanisogelea sikioni.

"Msanifu, uko ndani!"

Nikageuka. Kuta nne. Paa. Watu wamejaa, mlango uko kule. Na kifua changu, ndugu zangu, kifua changu kilikuwa kinapumua! Nilipiga magoti kwenye udongo mbichi. Osmund naye akapiga magoti. Nikamshika ile mikono yake, nikamwambia nimemsamehe, na kwamba mimi nami nilinyamaza siku ile nilipopaswa kusema. Tulilia wote wawili, na mvua inanyesha.

Baadaye nilimuuliza baba kama alipanga mambo yale. Akasema, "Ndama anayeogopa zizi humpigi fimbo. Unamwacha alale pale anapolala, halafu unajenga zizi kumzunguka."

Huyu ni mzee aliyeishia darasa la nne! Hakuna daktari aliyemwambia, hakuna kitabu alichosoma. Nani alimfundisha? Mnisaidie, nani? Mimi miezi yote nilikuwa natazama mbinguni, nasubiri muujiza ushuke kwa kishindo. Kumbe Mungu alikuwa shambani, anashika kamba, anakoroga udongo, ananisubiri siku nne bila kuongeza tofali.

Nilirudi kazini. Ile nyumba ya akina mama tuliimalizia, na safari hii mtaro uliwekwa mbao kote, Osmund mwenyewe ndiye aliyewasimamia vijana. Mama wa kwanza kulala mle alitoka vijiji vya ndani Ludewa. Alijifungua salama, mtoto wa kike. Nilienda kumwona. Nilikaa kitandani kwake, dirisha limefunguka, jua linatupiga usoni, nikampakata yule mtoto.

Namshukuru Mungu aliyenitoa udongoni, na tena akanitoa hofuni. Namshukuru Fundi Osmund. Na baba yangu amekaa pale nyuma, karibu na nguzo. Baba, usisimame, najua hutasimama.

Ndugu yangu, hofu yako pengine si ya kuta. Pengine ni ya hospitali, ya ndoa, ya kurudia mtihani. Usione aibu. Usimpangie Mungu namna ya kukuokoa wala siku yake. Leo ukiweza hatua moja tu, mpe hiyo moja, na akikuletea mtu wa kutembea nawe, usimfukuze. Mungu wetu hana haraka na wewe, wala hajakuchoka. Mwamini! Mimi nimemaliza, ingawa ukuu wake sijaumaliza hata robo. Sifa zote ni zake, hapa na milele. Amina!