Karata Mbovu na Pambio Lililogoma Kutoka

Bwana asifiwe sana, ndugu zangu! Anayesinzia aamshwe, maana mie leo siwezi kuongea polepole.

Mnanijua, mchonga vinyago wa Gongo la Mboto, mwanakwaya wenu. Lakini nilikuwaga pia mcheza poka, ule mchezo wa karata za pesa, na mashindano ya kule Kinondoni nilikuwa sikosi. Kwenye poka kuna saa ya kusukuma chipu zako zote, vile vidude vya kuhesabia pesa, katikati ya meza. Wenzako wakiogopa, wanatupa karata zao, unakula. Wakikufuata na chipu zao, na wewe huna kitu mkononi, umekwisha. Kazi yote ni kuijua hiyo saa. Mie nilijiona naijua, ila kila nikitishia na karata mbovu, nafuatwa!

Mara ya mwisho niliingia kwa cherehani ya mke wangu, Rehema. Niliiweka rehani kwa mtu, niikomboe jioni hiyo hiyo nikishinda. Rehema nilimwambia iko kwa fundi, inatengenezwa.

Tukabaki watatu. Mzee Abbas, muuza vitambaa, alikuwa ametolewa. Akaniinamia sikioni, anacheka. "Fundi, nikwambie kitu? Ukiwa na karata nzuri unaimba pambio kwa chini. Ukidanganya, kimya. Meza nzima inajua."

Ndugu zangu, nilifurahi kama mwehu! Zikaja karata mbovu kuliko zote, nikasema ndiyo saa yenyewe. Nikashika chipu zangu zote, nikafungua mdomo niimbe ili waogope.

Pambio likagoma. Nalijua tangu utoto, na halikutoka hata neno. Machozi yananitoka mbele za watu. Hapo nikaelewa: mkono wangu uliweza kudanganya, lakini mdomo Bwana aliushika usimsifu kwa uongo. Aliushika kila nilipodanganya, mie nadhani nina mkosi!

Nikatupa karata, nikainuka, chipu nikaziacha mezani. Nikamwambia Rehema ukweli kwamba cherehani imekwenda. Siku hizi anashona kwa mkono, nami nachonga tupate nyingine.

Wewe unayengoja bahati ikuokoe, mkabidhi Yesu maisha yako leo. Yeye hangoji upate karata nzuri. Asanteni kwa kuniombea.

Sasa naomba nianzishe pambio. Rehema, mke wangu, nitazame. Mkononi sina kitu, na naimba.